Bwawa Linalojaa kwa Nyuma

Ukitoka Kilosa mjini kwa ile barabara ya vumbi hadi Mikumi, ukakata lami na kushika njia ya Kidodi, utapita maji mengi ambayo binadamu ndiye aliyeyapangia pa kukaa. Kule Kilosa mto umewekewa matuta usiile reli. Bondeni Mkata kuna malambo ya kunyweshea mifugo, mengine yamekauka yamebaki vidonda vyeupe ardhini. Ruhembe maji yanatembea kwenye mifereji katikati ya miwa kama yana ratiba. Na kwetu sisi, mwisho wa njia, kulikuwa na bwawa la umeme.

Umeme wenyewe ulipita juu ya vichwa vyetu kwa nyaya nene, ukaenda zake Dar es Salaam. Sisi tuliwasha kibatari. Sikuwahi kuona ubaya. Nilikuwa nikilala nawaza kwamba kuna msichana huko mjini anapiga pasi gauni lake kwa maji yetu, na nilimtakia heri, awe na gauni zuri.

Nilikuwa nimemaliza darasa la saba na jina langu halikutoka kwenye waliochaguliwa. Somo nililolipenda lilikuwa jiografia. Mwalimu wetu alikuwa na ramani moja tu, imekunjwa mpaka mito imekatika kwenye mikunjo, lakini aliifungua kwa mikono miwili kama anafungua msahafu. Baada ya shule niliendelea kuchora mwenyewe, kwenye karatasi za mifuko ya saruji. Nilichora bwawa letu likiwa limejaa, nikalichora likiwa limepungua, na kila mara lilikuwa na sura nyingine. Bibi yangu, mama yake baba, akiniona nimeinama na kipande cha mkaa, huuliza, "Leo tena unaenda Ulaya?" Nami humjibu, "Nikifika nitakuletea kijiko cha fedha." Huo ndio utani wetu, bibi na mjukuu wake, na hakuna aliyeukatiza.

Zilikuwa zile zama za ruksa. Kila mtu auze, kila mtu anunue. Nguo za mitumba zilifika hadi kijijini, redio za betri zikaimba kwenye vibanda, na malori ya watu binafsi yakaja kubeba mazao mpaka mlangoni. Lakini ruksa ilikuja na mkasi wake. Baba alikuwa kazini miaka mingi kwenye shamba la katani upande wa Kilosa, wakampunguza. Tukarudi kwa bibi, kwenye maji, na tukajifunza upya kazi ambayo bibi hakuwahi kuiacha: kulima kwa kufuata maji.

Kazi hiyo ni hivi. Kiangazi bwawa linapungua, kwa sababu mashine za umeme zinakunywa na mto haulipi. Maji yakirudi nyuma yanaacha udongo mweusi, laini, una mbolea ya mwaka mzima. Asubuhi unakwenda kwenye ukingo, unachomeka kijiti pale maji yalipoishia, na nyuma ya kijiti unapanda mstari. Yakishuka tena unachomeka kingine, unapanda mwingine. Mwisho wa msimu shamba lako lina ngazi: juu mahindi makavu, katikati mabichi, chini yale ambayo bado yananyonya. Hapo ndipo moyo unaanza kudunda. Maji yaliyokwenda lazima yarudi, na hayatumi taarifa.

Bibi alikuwa na sehemu yake kwenye kilima. Sisemi kisiwa, ingawa bwawa likijaa kilikuwa kisiwa kweli, na kiangazi kikawa kilima tena. Upande wa mbele kilitazama mkondo wa zamani wa mto. Upande wa nyuma kulikuwa na korongo, na kati ya kilima na nchi kavu palikuwa na mahali pa chini tulipopaita shingo. Shingo ndiyo ilikuwa njia. Ikiwa kavu, unapita huku unatafuna muwa. Ikiwa na maji, hakuna kupita, kwa sababu mamba wanaijua vizuri kuliko sisi.

Kila msimu bibi alihamia huko. Alijenga kibanda cha matete, akakigeuzia mlango kwenye mto, akakaa kulinda mahindi yasiliwe na nguruwe pori na, kama alivyosema mwenyewe, yasiliwe na yule baba.

Yule baba alikuwa mfugaji mmoja wa makamo aliyehamia na familia yake bondeni kwetu. Ng'ombe wake walipita shingo kufuata nyasi mpya za kilimani. Msimu uliotangulia waliingia kwenye mistari ya bibi, na tangu hapo salamu zao zilikuwa za aina yake.

"Shikamoo, bibi," angesema, akiwa amesimama kwa mguu mmoja, mwingine ameuegemeza kwenye goti.

"Marahaba. Ng'ombe zako zimepata macho au bado ni vipofu?"

"Wanaona, bibi. Ndiyo maana walichagua shamba lako."

"Nitawachagulia sufuria."

"Sufuria utatoa wapi ya kutosha pembe zile?"

Bibi angetema mate pembeni kuficha kicheko. Lakini mahindi yake hakuyacheka. Mwaka ule baba na mama walikuwa Ruhembe, kibarua cha kupalilia miwa, na chakula chetu cha kufika masika kilikuwa kimesimama pale kilimani, mistari ya chini bado ina maziwa.

Siku yenyewe nilikuwa stendi ya Mikumi, nauza mahindi ya kuchemsha kwenye ndoo. Jua lilikuwa kali, anga limefagiliwa. Lori la vitunguu kutoka Iringa likasimama, dereva akainamia dirishani.

"Dada, nipe laini."

"Yote laini, kaka. Hata asiye na meno anamaliza."

"Basi mpe huyu utingo wangu, meno yake yamebaki Mbuyuni." Wakacheka. Dereva akatafuna, akamwambia utingo kama anaendeleza mazungumzo yao ya njiani, "Lakini ule mto leo! Pale darajani si ulikaribia kulamba lami?"

Nikasimama na muhindi mkononi. "Mto gani, kaka?"

"Ruaha. Tumepita alfajiri. Mwekundu, unabeba miti na mizizi yake. Huko juu mvua inapiga kama imetumwa."

Nikaangalia angani. Halikuwepo hata wingu la kuazima. Ndipo ile ramani yangu ya mfuko wa saruji ikajifungua kichwani yenyewe: daraja pale, mlima hapa, mto unazunguka nyuma ya mlima, na mwisho wake bibi yangu amekaa kwenye kigoda. Mvua ya watu wengine ilikuwa njiani kuja kwetu, na kwetu hakuna aliyekuwa na habari.

Ndoo nilimwachia mama wa karanga jirani yangu. Aliuliza, "Unaumwa?" Nikasema, "Bibi yuko kilimani." Hakuelewa, lakini aliivuta ndoo karibu na miguu yake.

Nilipata pikapu ya mwenye duka wa Kidodi, nikakaa juu ya kreti za soda. Mwenye duka alikuwa mtu mwema, na wema wake ulinitesa. Alisimama kila penye mtu. Alimsalimia mzee, akauliza habari za mgonjwa, akashusha kreti, akangoja chupa tupu. Nilikuwa nauma kitambaa cha kichwa. Mwisho nikagonga bati la juu.

"Baba, samahani. Bibi yangu yuko ng'ambo ya shingo na bwawa linajaa."

Akatoa kichwa, akatazama anga kama nilivyotazama mimi. "Kwa mvua ipi, binti?"

"Ya Iringa."

Alinitazama kidogo, labda akidhani jua limenipiga, lakini hakusimama tena mpaka Kidodi. Nilishuka nikiwa nakimbia. Nadhani hata asante niliisema hewani.

Njia ya kutoka barabarani hadi bwawani inapanda kigongo, na ukifika juu unayaona maji yote. Niliyaona. Yalikuwa yametulia, yanang'aa, mazuri kama picha ya kalenda. Nikatafuta vijiti. Vijiti vya jirani zetu, vilivyochomekwa ukingoni asubuhi ile, vilikuwa vimesimama ndani ya maji, vichwa tu vimetokeza.

Chini kule watu walikuwa wanavunja mahindi kwa fujo, mabichi kwa makavu, wanatupia kwenye magunia. Jirani yetu mmoja, mama mnene mwenye sauti ya kuita punda, akaniona.

"Wee! Bibi yako hajatoka! Tumemwita mpaka makoo yamekauka!"

"Kasemaje?"

"Kasema tumwache, mto umenyamaza!"

Niliifikia shingo. Nilitegemea kukuta udongo, nikakuta weusi unaong'aa. Maji yalikuwa membamba kama kitambaa kilicholowa, yanateleza kutoka upande wa korongo bila sauti, yanazunguka kila bonge la udongo kwa adabu. Nilivua ndala, nikapita. Kifundo cha mguu kililowa. Katikati nililowa zaidi ya kifundo. Sikutazama pembeni, kwa sababu nikitazama nitaona gogo, na nikiona gogo nitasema ni mamba.

Bibi alikuwa mlangoni pa kibanda, amekaa anapukuchua kunde, uso ameuelekeza kwenye mkondo wa mto.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Mbona unahema kama umefukuzwa na nyati? Soko limekwisha?"

"Bibi, simama tuondoke. Maji yanakuja."

Alinyoosha mkono kuelekea mtoni, kule juu unakotokea milimani. "Yanakuja wapi? Mto ule pale. Mimi nimezaliwa kwenye mto huu, hata hao wenye ukuta wao walikuwa hawajafika. Ukija unatanguliza upepo wa baridi. Harufu ya udongo inafika kabla yake. Halafu unasikia ngurumo, kama magari. Leo umesikia nini?"

"Sijasikia kitu."

"Haya. Na mimi sijasikia."

Nikaelewa kwa nini majirani walikuwa wameshindwa. Hakuwa mbishi. Alikuwa anafanya sawasawa kila alichofundishwa na mama yake. Macho yake, masikio yake, pua yake, vyote vilikuwa kazini, vimeelekezwa juu ya mto, zamu ya ulinzi ya maisha yake yote. Ila tangu ukuta ule ujengwe, mafuriko yaliacha kupita mbele. Mto ukifika unalala kwenye bwawa, bwawa linavimba, na maji yanapanda kutoka chini, upande wa ukuta, yanaingia makorongo yakiwa yanarudi kinyume. Misimu mingine bibi alikuwa ameshavuna na kuondoka kabla hajayaona yakifanya hivyo.

"Bibi," nikasema, nikachora kwa kidole kwenye vumbi, "mto huu hapa. Ukuta huu hapa chini. Sasa yakizuiwa huku yanakwenda wapi?"

"Ramani zako." Alitabasamu. "Umefika Ulaya sasa?"

"Geuka tu. Nakuomba. Geuka uangalie nyuma ya kibanda."

"Nyuma kuna njia ya kwenda nyumbani. Nani anailinda njia ya nyumbani?"

Machozi yalinitoka, na mimi si mtu wa kulia mbele yake. Ungefikiri nimshike mkono nimvute, lakini mzee havutwi, kwetu haiko hivyo. Nilipiga magoti nikazishika kunde zake, nikaanza kuzirudisha kwenye kikapu, ili angalau nisije nikaondoka mikono mitupu. Ndipo ikasikika sauti nyuma yetu.

"Bibi! Shingo imekatika!"

Alikuwa yule baba. Alikuja na ng'ombe wake kutoka upande wa pili wa kilima, anawaharakisha kwa mluzi, na fimbo yake ilikuwa imelowa hadi nusu kwa kupima maji. Bibi aligeuka. Aligeuka ili amgombeze, nina hakika, maana mdomo ulikuwa umeshafunguka. Mdomo ukabaki hivyo hivyo.

Mahali nilipopita kwa kifundo palikuwa ziwa. Ng'ambo, jirani yetu mwenye sauti alikuwa mdogo kama kidole, ananyoosha mikono yote miwili.

Bibi akasema polepole, kwa mshangao, "Yametokea mgongoni."

"Sasa hivi ng'ombe bado wanaweza kupita," yule baba akasema. "Tukichelewa hata wao hawatakubali. Binti, wewe shika mkia wa yule mwekundu. Bibi atashika wa huyu, ndiye mama yao, wanamfuata. Tutakuwa katikati ya kundi. Mamba hapendi vurugu ya miguu mingi."

"Nishike nini?" bibi akauliza.

"Mkia, bibi."

"Mkia wa ng'ombe wako?"

"Kwani wewe una wako?"

Tulishuka. Ng'ombe yule mkubwa, mweupe mwenye madoa, alifika kwenye maji akasimama. Akanusa, akapiga kwato, akarudi nyuma. Yule baba alimpigia mluzi, akamwimbia kwa lugha yao, akamgusa kwa fimbo. Hakuna. Kundi likaanza kujikunja nyuma yetu, ndama analia, na maji yakafika pale nilipokuwa nimesimama nikiwa sijasogea hata hatua. Niliona jasho kwenye shingo ya yule mtu, na yeye hakuwa mtu wa kutoka jasho ovyo. Akajaribu tena. Ng'ombe akageuza kichwa, akatazama juu, kwenye mistari ya mahindi ya bibi.

Bibi aliona anachotazama.

Alipanda kwenye shamba lake kwa miguu yake mibovu, haraka ambayo sikuijua kwake, akaanza kuvunja. Hakuvunja makavu, alivunja yale mabichi ya mistari ya katikati, bua zima na majani yake, akarudi amekumbatia mzigo. Nikakimbia nikavunja pamoja naye. Akamsogezea ng'ombe puani.

"Umeyataka mwaka mzima," akamwambia. "Haya, kula. Kula, twende."

Ng'ombe akanyoosha ulimi. Bibi akalitupa bua mbele, majini, likaelea. Ng'ombe akaingia mpaka magotini. Bibi akatupa lingine, mbali zaidi. Ng'ombe akaenda mpaka kifuani. Kila bua lilikuwa siku ya ugali wetu, na nililiona kila moja likiruka, lakini mikono yangu iliendelea kumpa bibi lingine na lingine hadi yakaisha, na hapo mnyama alikuwa ameshaachia ardhi, anaogelea, pua juu, na kundi lote limemfuata kwa kishindo.

"Shika!" yule baba akapiga kelele.

Bibi alishika. Nilimwona akizama hadi kidevuni, kitenge chake kikapanda kikatanda juu ya maji. Nami nikashika wangu. Maji yalikuwa na baridi ya nchi nyingine, yananuka udongo ambao si wetu. Miguu ilinitafuta pa kukanyaga, ikakosa. Kushoto pembe, kulia pembe, pumzi za ng'ombe zinanipiga usoni, na kitu kikanigusa paja, kigumu, nikapiga ukelele ambao nadhani ulifika Mikumi. Ilikuwa kwato. Au niseme nimeamua kwamba ilikuwa kwato. Nilikuwa natafuta kichwa cha bibi tu. Kilikuwepo. Kikapotea nyuma ya nundu. Nikaita. Kikatokea tena, kitambaa kimetoka, mvi zake zimelowa zimelala kama za mtoto aliyeogeshwa, na macho ameyafumba kabisa.

Kisha mwekundu wangu akapata ardhi, akajikung'uta, nikaburutwa kwenye tope kifudifudi mpaka mikono ya watu ikanichukua. Sikungoja kusimama. Nilitambaa kwenda kwa bibi.

Ng'ombe mweupe alikuwa amesimama nchi kavu, anatiririka maji, anatafuna jani lililobaki mdomoni. Bibi alikuwa nyuma yake, amepiga magoti kwenye tope, anatetemeka, na mkia ameuzungusha kwenye viganja mara mbili. Majirani walimfunika khanga. Walimwita. Hakufumbua macho.

Yule baba akachuchumaa mbele yake. Mara hii hakuwa na utani sautini.

"Bibi. Tumefika. Mwachie mkia."

"Tumefika kweli?"

"Kweli. Ni udongo huo unaoukalia."

Bibi akapapasa chini kwa goti, kushoto, kulia, kama mtu anayepima kitanda gizani. Akafumbua jicho moja, akatazama nyuma, kwenye maji. Mistari yake ya chini haikuwepo. Ya katikati ilikuwa inaingia, vichwa vya mahindi vinatikisika kila kimoja kwa zamu yake. Kibanda kilikuwa bado juu, kimeugeukia mto.

"Basi mwambie asimame kidogo," akasema. "Bado sijamaliza kumshika."

Na yule ng'ombe alisimama. Tukakaa pale wote, kwenye tope, majirani na magunia yao, hadi vidole vya bibi vilipoanza kufunguka kimoja kimoja.